Haki ya Mwoga Katika Safari ya Wawili

Ujasiri ni sifa ambayo watu huisifu bila kuuliza gharama yake imelipwa na nani. Mtu akiingia hatarini peke yake, gharama ni yake. Akimwingiza mwenzake, sehemu ya gharama hulipwa na mtu mwingine. Kwa hiyo safari ya mtu mmoja aghalabu ni jambo la nauli na nafasi, lakini safari ya watu wawili ni jambo la maadili pia. Swali ambalo insha hii yataka kulichungua ni hili: mume na mke wanapokusudia kwenda ng'ambo kwa mara ya kwanza maishani mwao, na mmoja wao ni jasiri na mwingine ni mwoga, jasiri ana haki gani juu ya mwoga, na mwoga ana haki gani juu ya jasiri?

Swali la namna hii halijibiki vema likiachwa lielee hewani. Yafaa lipewe mahali pa kusimama. Tuchukue Tarakea, mji wa wilaya ya Rombo, ulio katika mteremko wa Kilimanjaro unaoelekea mpaka wa Kenya. Tuseme hapo wapo mume na mke waliokwisha kupita umri wa miaka sitini. Mke amefanya biashara ya mahindi na maharage tangu ujana wake. Amevuka mpaka kwenda Loitokitok mara zisizo hesabu, naye azijua bei za pande zote mbili na fedha za pande zote mbili. Mume ni mkulima wa kahawa na migomba. Moshi huenda kwa haja, na Dar es Salaam amefika mara mbili, zote kwa msiba. Binti yao ni muuguzi Ujerumani, amejifungua mtoto wa kwanza, na awaita wazazi wake wote wawili wakamwone mjukuu. Mke asema twende. Mume hasemi hapana; asema kahawa haijachumwa, ng'ombe hana wa kumkatia majani, na paa la jiko lavuja. Kila aliyekaa katika ndoa ajua kuwa hizo si sababu; ni majani yaliyoifunika sababu.

Hapana budi kuyafunua majani hayo kwa heshima. Watu huweza kudhani kwamba mume huyu aogopa ugeni. La, mtu wa Tarakea hawezi kuogopa ugeni kwa jina lake tu, maana nchi ya kigeni ni jirani yake: huiona akiwa shambani, husikia habari zake sokoni, na wengi wana ndugu wa kuoleana upande wa pili. Tofauti iko katika miguu. Mtu akivuka mpaka kwenda Loitokitok, hata mambo yakiharibika, aweza kurudi kwake kwa miguu ileile iliyompeleka. Akipanda ndege hana tena uwezo huo. Amekabidhi kurudi kwake kwa watu asiowajua, kwa chombo asichokielewa, na kwa karatasi zilizoandikwa kwa lugha isiyo yake. Anachokiogopa ni kunyang'anywa uwezo wa kurudi.

Je, woga huo ni aibu? Wahenga wetu hawakukubaliana kwa wepesi na wale wanaoucheka. Walisema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Maana yake nyumba ya mtu mwenye hadhari hubaki na watu wake. Aristotle wa Ugiriki ya kale naye alifundisha kwamba ujasiri hukaa katikati ya woga uliozidi na uthubutu usio na akili, na kwamba jasiri wa kweli huyaogopa yapasayo kuogopwa, kwa kiasi kipasacho na kwa wakati upasao. Kama ndivyo, mtu asiyeogopa kitu hawezi kuwa mwalimu wa ujasiri. Yawezekana hajaonja bado kitu cha kuogopwa.

Lakini kusema kuwa woga si aibu si kusema kuwa kila woga una haki sawa. Katika kifua cha mume wetu mna hofu tatu, na kila moja yataka dawa yake. Ya kwanza ni hofu ya kutojua: ndege huinukaje, mizigo hupotelea wapi, mtu akishikwa na haja angani hufanya nini. Ya pili ni hofu ya fedheha: kusimama mbele ya afisa na kuulizwa neno usilolifahamu, huku watu nyuma yako wakisubiri; mzee anayesalimiwa kwa heshima kijijini kuonekana kama mtoto mbele ya mlango unaojifungua wenyewe. Ya tatu ndiyo iliyo chini kabisa, nayo haitajwi mezani: hofu ya kufa mbali na kihamba.

Hofu ya kwanza huponywa na maarifa, na hapa jasiri ana wajibu ulio wazi. Si haki kumwambia mwenzako usiogope ilhali unaweza kumwonyesha. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, uko kati ya Moshi na Arusha. Kutoka Tarakea mtu hushuka kwa Mkuu na Mwika hadi Himo, akapita Moshi, akafika siku hiyohiyo. Mke mwenye busara humpeleka mumewe huko siku ambayo hawasafiri, akaziona ndege zikishuka na watu wakitoka hai. Humweleza mpango wote tangu mwanzo: kwamba pasipoti huombwa Idara ya Uhamiaji; kwamba ombi la viza ya matembezi ya Ulaya hupelekwa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala si chini ya siku kumi na tano; kwamba watachukuliwa alama za vidole vyote kumi; kwamba binti yao aweza kutoa hati Ujerumani ya kuahidi kuwagharimia. Jambo lililopangwa kwa hatua hupoteza nusu ya kitisho chake, maana mtu haogopi hatua, huogopa giza.

Hofu ya pili haiponywi na maarifa, huponywa na ushirika. Fedheha ya mtu mmoja ni nzito, fedheha ya wawili huwa kichekesho cha kusimulia nyumbani. Dawa yake ni ahadi ndogo: sitatembea mbele yako, sitakucheka mbele ya watu, na ukikosea mlango nitakosea nawe. Jasiri asiyeweza kutoa ahadi hiyo anatafuta mtazamaji wa ujasiri wake, hatafuti mwenzi wa safari.

Hofu ya tatu ndiyo ngumu, nayo haifai kudharauliwa. Kwa Mchaga kihamba si shamba tu. Ndipo walipolala baba na babu, chini ya migomba waliyoipanda. Na mwanamume aliyekaa humo miaka yote hujua mahali pake pa kulala hata kabla ya kuugua. Mtu huyu ukimwambia kwamba ndege ni salama, humjibu swali lake. Yeye hakuuliza kama atakufa. Aliuliza atalala wapi.

Historia yetu yamjua aliyeulizwa swali hilo na maisha. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja, aliondoka kisiwani mwaka 1866, akaolewa Aden mwaka 1867 na mfanyabiashara Mjerumani Heinrich Ruete, akahamia Hamburg akiitwa Emily Ruete. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto wadogo katika nchi ya baridi. Aliiona Unguja tena mwaka 1885 na mwaka 1888, lakini hakubaki. Hapana atakayemwita mwanamke huyu mwoga. Hata hivyo yasimuliwa kwamba alipofariki mwaka 1924 ulipatikana katika vitu vyake mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ukazikwa pamoja naye Hamburg. Ikiwa jasiri wa kiasi kile alihifadhi mchanga wa kwao hadi kufa kwake, nani atamcheka mkulima wa Rombo anayeogopa kuuacha udongo wake kwa miezi miwili?

Dawa ya hofu hii ni ahadi, na ahadi yenyewe yapasa iwe ya kweli. Hapa yapo maajabu madogo. Katika karatasi zinazotakiwa na ubalozi imo bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, na kanuni zataka bima hiyo ilipie matibabu ya dharura, kumrudisha mgonjwa kwao, na pia gharama zinazotokana na kifo. Vijana huilipia bila kuisoma. Lakini mke aketiye na mumewe jioni akamsomea maneno hayo polepole, akamwambia, likitokea la kutokea utarudi chini ya migomba yako, na watoto wamekwisha kukubali, amemjibu swali alilouliza. Karatasi ya ofisini imefanya kazi ya kiapo.

Sasa tugeukie makosa ambayo jasiri huyafanya kwa jina la mapenzi. La kwanza ni hila: kununua tiketi kwa siri, kumwambia mwenzako mnakwenda Moshi kumbe mnakwenda uwanjani. Hila yaweza kumfikisha mtu Ujerumani, lakini aliyefika hivyo amebebwa, hakusafiri. Na tangu siku hiyo kila akialikwa Moshi atauliza mara mbili. La pili ni dhihaka. La tatu ni kuwatumia watoto, wapige simu wakilia. Machozi ya mjukuu si hoja. Ni mzigo unaotupwa juu ya mtu ambaye tayari amelemewa.

Mwoga naye ana kosa lake, na kosa lake ni moja lakini kubwa: kuugeuza woga wake kuwa sheria ya nyumba. Ana mamlaka juu ya miguu yake mwenyewe. Hana mamlaka juu ya miguu ya mkewe. Asemaye siendi amesema neno la haki. Asemaye siendi nawe huendi, amechukua kisicho chake. Tena hata neno la siendi lina sharti. Hapana inayotolewa kabla ya kujua ni kufunga mlango. Hapana inayotolewa baada ya kujua ni uamuzi wa mtu mzima, na yastahili kuheshimiwa bila kinyongo.

Mtu aweza kuuliza: wakiachana njiani hivyo, mmoja akaenda na mmoja akabaki, ndoa imebaki wapi? Yafaa tumkumbuke Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi wa Desturi za Wasuaheli, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani, na mwaka 1905 wakasafiri pamoja kuja pwani yetu. Serikali ya kikoloni haikukubali mume Mwafrika na mke Mzungu washuke na kuishi pamoja, wakarudi Ujerumani wote wawili. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Habari hii yatufundisha mambo mawili. Kwanza, hatari ya safari mara nyingine haiko baharini bali katika lango, na mwoga anayeuliza habari za lango si mpumbavu. Pili, watu wawili hupimwa kwa namna wanavyolichukua lango lililofungwa. Mume na mke wa Tarakea wakikubaliana kwamba mmoja aende na mwingine alinde kihamba, kwa baraka wala si kwa kisirani, nao wamesafiri pamoja. Wakienda wote huku mmoja akimchukia mwenzake, wametengana wakiwa katika viti vinavyopakana.

Mlima ulio juu ya Tarakea una sheria ambayo viongozi wa wapandaji huijua vizuri. Njia ya Rongai huanzia upande huo, na kileleni ni mita 5,895. Anayekimbia siku ya kwanza ndiye aghalabu hushikwa na kichwa na kichefuchefu, akateremshwa. Kundi lenye akili hufuata hatua ya aliye mzito kuliko wote, na neno la njia nzima ni pole pole. Katika safari ya ng'ambo pia, hadhari ya mwoga ni hatua ya kundi. Ndiye atakayehesabu mizigo mara tatu, ndiye atakayeuliza saa ya ndege wakati jasiri amekwisha kulala.

Na kama siku ya safari mume huyo atapanda ngazi za ndege, mikono ikitetemeka, ni nani kati ya wawili hao aliye jasiri zaidi? Mke ametoa kidogo kutoka katika ghala iliyojaa. Mume ametoa yote aliyokuwa nayo. Haki ya mwoga ni kwamba toleo lake lipimwe kwa mizani hiyo. Na wajibu wake, akiisha kuambiwa ukweli wote na kuahidiwa yote yawezayo kuahidiwa, ni kutoa jibu lake kwa moyo mmoja, aende au abaki.