Watu Walioitwa Wanafunzi

Mataifa mengi yamejiita kwa mito yao, kwa mababu zao au kwa ushindi wao vitani. Lakini huko Punjab, katika Bara Hindi, alikozaliwa mwaka 1469 Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Kisikh, walitokea watu waliopokea jina la unyenyekevu mtupu. Sikh maana yake ni mwanafunzi. Asili yake ni neno la Kisanskriti, shishya, na katika Kipunjabi ni ndugu wa kitenzi cha kujifunza. Hebu lifikirie, ndugu msomaji: mzee mwenye ndevu nyeupe zilizoshuka kifuani, aliyelea wana na wajukuu, bado anaitwa mwanafunzi, na jina hilo analivaa kwa fahari kama kilemba chake. Wahenga walisema elimu haina mwisho. Hawa waliufanya usemi huo kuwa jina lao.

Tena ajabu haikuishia hapo. Mwaka 1699 Guru Gobind Singh, guru wao wa kumi, aliwapa wanaume wa Khalsa, jumuiya ya waumini waliokula kiapo cha imani, jina la Singh, yaani simba, na mwaka 1708, kabla ya kufariki, akakabidhi uguru kwa Kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib. Basi simba huyu huinama hadi paji la uso liguse sakafu mbele ya Kitabu, kwa kuwa ndicho mwalimu wake.

Sisi tumewaita Kalasinga tangu walipokuja kwetu na reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Walikuwa maseremala, wahunzi na waashi, na wengi walibaki.

Msafiri akitoka Rodi Kopany, pale barabara ya Homa Bay inapoachana na ile ya Ndhiwa, akavuka nchi kuelekea Mombasa, atafika Makindu, na hapo kando ya barabara kuu ataiona gurdwara, nyumba yao ya ibada, iliyojengwa mwaka 1926 na Kalasinga wa reli. Avue viatu, afunike kichwa, anawe mikono. Hataulizwa dini wala kabila, wala hatadaiwa senti. Chapati haitupwi sahanini: mgeni huinyooshea viganja viwili vilivyofunguka, nayo hushuka humo ikiwa bado inafuka mvuke, ukingo wake umebabuka kidogo, harufu ya unga uliokolea moto ikitangulia. Kisha dengu, wali na chai ya maziwa. Aliyekuja kwa gari la fahari na aliyepanda lori la mizigo hula chakula kimoja.

Desturi hiyo, langar, imetoka kwa Nanak mwenyewe. Namshukuru Muumba aliyemtia binadamu moyo wa namna hii, maana humo jikoni ndimo jina lao linamofanyiwa kazi: tajiri hukanda unga, bibi husukuma chapati, kijana huosha masufuria ya wageni asiowajua, na kila mmoja wao yuko darasani.