Jina la Kuazima

Riwaya za mapenzi na taharuki hurudia kisa kimoja kinachopendwa sana: mwanamke anamtoroka mume katili usiku, anafika mji asikojulikana, anajiita jina jingine, na muda si muda amempata mwanamume mwema. Sina ugomvi na huyo mwanamume. Ninachokitilia shaka ni jina, kwa sababu riwayani hupatikana bure na halimdai mtu chochote. Basi tumweke mwanamke huyo, wa kubuni vilevile, mjini Thika, Kiambu, nchini Kenya, tuone.

Anaishi Makongeni, na mume anampiga. Alfajiri moja anapanda matatu na kushuka Ruiru. Si mbali; tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi mwaka 2012, safari hiyo ni fupi. Lakini Ruiru ni mji wa wapangaji. Ghorofa zimesimama palipokuwa na mashamba ya kahawa, na jirani wa mlango wa pili haulizi umetoka wapi. Mkobani ana kitambulisho cha binti ya shangazi yake, wanayefanana sura. Kwa kadi hiyo anapanga chumba, anasajili laini, anafungua M-Pesa. Kila anayemtumia pesa anaona jina la binamu, na hakuna anayeshuku.

Kisha anapenda. Mwanamume ana duka la vifaa vya ujenzi, ni mpole, ana nia ya kuoa. Na kwa kuwa ana nia, anauliza swali ambalo kila mwanamume wa Kiambu mwenye nia huuliza: kwenu ni wapi, wazee waje lini? Ruracio, yaani mazungumzo ya mahari, haina mlango wa nyuma. Wazee wa pande mbili hukaa, hutajiana koo na nyumba, na jina la binti hueleza ni nyanya yupi aliyerithiwa, kwani Wakikuyu humwita binti wa kwanza kwa mama wa baba na wa pili kwa mama wa mama. Aliyeazima jina ameazima na nyanya. Mwanamke anajibu kwamba wazazi wake walifariki. Wote wawili wako hai, na mama yake hajalala vizuri tangu binti apotee. Hapo ndipo ninapomwonea uchungu zaidi kuliko kwenye kipigo, maana kipigo hakukichagua.

Kinachomfichua ni kodi ya nyumba. Mwezi mmoja anapungukiwa, anachukua mkopo wa simu, anashindwa kulipa. Deni linaandikwa kwa jina la binamu, ambaye analigundua siku anapoomba mkopo wake kwenye sacco na kunyimwa. Anaipata namba ya simu iliyokopa, anapiga, anasikia kilio na neno Ruiru. Kwa hasira anamweleza mama yake. Mama anamweleza dada yake. Na katika matanga ya jirani habari inamfikia mume.

Mume anamkuta langoni mwa ploti, mchumba naye yupo. Wanaume wawili wanamwita kwa majina mawili tofauti. Mchumba, ambaye angemkinga bila kufikiri, anasimama akijaribu kuelewa huyu ni nani, na mume anamvuta mkono mwanamke wakati huohuo.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi dhidi ya Unyanyasaji wa Majumbani ya mwaka 2015. Mahakama inaweza kumzuia mume kumkaribia mkewe, hata kumwamuru atoke katika nyumba wanayoishi. Lakini kwenye dawati la jinsia la polisi swali la kwanza ni jina lako, na kutumia kitambulisho cha mtu mwingine ni kosa chini ya Sheria ya Usajili wa Watu. Kwa hiyo mwanamke huyu amekuwa akiiogopa seli kuliko ngumi, na mume hakuhitaji kumfungia mlango wa kituo. Ulikuwa umefungwa na kadi iliyo mkobani. Hata harusi isingemfaa. Sheria ya Ndoa ya 2014 haiitambui ndoa ya aliyeolewa tayari, wala ile ambayo mmoja amekosea kumtambua mwenzake.

Kubadili jina kihalali kunawezekana, kwa hati ya wakili inayosajiliwa na kutangazwa katika Gazeti Rasmi, mbele ya macho ya yeyote anayesoma. Utambulisho wa kujificha hutolewa kwa mashahidi walio hatarini kupitia Shirika la Ulinzi wa Mashahidi, na hao hulindwa, hawaachwi peke yao kwenye chumba cha kupanga.

Dada anayesoma haya na mkoba umefungwa tayari: ondoka, usingoje. Chukua kitambulisho chako. Mwambie mtu mmoja wa damu yako unakokwenda, umsihi anyamaze. Piga 1195, namba ya msaada dhidi ya ukatili wa kijinsia; ni bure, mchana na usiku. Thika kuna mahakama, na ombi la ulinzi linaweza kupelekwa huko kwa jina ulilopewa na wazazi wako.