UTAMUOMBA NANI RADHI?

*Ramadhani 18 – Tafakuri ya leo*



Kila Ramadhani huja swali moja kutoka kwa vijana wanaolima mboga, wa Mwera, Dole, Bambi mpaka Kinyasini: "Nimefunga, nimebeba bomba la dawa mgongoni, upepo umegeuka, dawa imenirukia mdomoni. Saumu yangu ipo au haipo?"

Ni swali zuri, la mtu mwenye khofu ya Mola wake. Wanazuoni wetu wa Kishafi wameshasema kuwa vumbi la njiani au unga wa kuchekecha ukimuingia mtu bila ya kukusudia, saumu yake haiharibiki. Mwenye hali yake makhsusi amuulize sheikh wake, atamfafanulia.

Lakini hebu tusimame hapo kidogo. Kijana huyu ameogopa kuwa lile tone limeharibu saumu ya siku moja. Hakuuliza limemfanya nini mwilini, na mwili ule ni amana. Wala hakuuliza kuhusu tone jengine, lililobaki juu ya tungule zinazoingia Darajani kabla ya Alasiri. Leo tuyaulize hayo mawili.

*Tuanze na jina*

Sisi tunaiita dawa. Tunapiga dawa, tunanunua dawa ya wadudu, dawa ya majani. Ni neno lile lile analolitumia daktari wa Mnazi Mmoja akikuandikia vidonge. Wataalamu wanasema viuatilifu, na jina hilo angalau linakiri kwamba kazi ya kitu hiki ni kuua.

Jina lina athari. Kitu kikiitwa dawa, mkono haukiogopi. Ndiyo maana utamuona mtu anaichanganya kwa mkono mtupu, pua ya bomba ikiziba anaipuliza kwa mdomo wake, akimaliza anarudi nyumbani na nguo zile zile na mtoto anamkimbilia kumpokea. Mtu huyo huyo ukimwambia, "shika sumu hii," atarudi nyuma hatua tatu.

*Mwili wa aliyefunga*

Wengi wanadhani sumu hii huingia kwa mdomo na pua tu. Kwa mpigaji, njia yake kubwa ni ngozi: mikono, mgongo ulioloweshwa na bomba linalovuja, mapaja yanayopita kwenye majani mabichi. Joto na jasho huifanya ngozi ipokee zaidi.

Ziko zile za jamii ya oganofosfeti, ambazo huzuia kimeng'enya kinachozima ishara za mishipa ya fahamu. Ishara zinakuwa haziishi. Mtu hutoka jasho, mate humjaa, kichwa humuuma, roho humchafuka, macho huona ukungu, misuli humtetemeka. Ikiwa nyingi, pumzi hukatika.

Sasa tazama khatari iliyopo mwezi huu. Kijana akipata kizunguzungu na kichefuchefu saa tisa mchana, yeye na wenzake watasema, "Ni saumu tu, jua kali, vumilia, Magharibi karibu." Dalili za sumu huvaa nguo za njaa na kiu. Ndugu yangu, ukiona hali hiyo baada ya kupiga dawa, toka shambani, vua nguo, koga kwa sabuni na maji mengi, nenda hospitali na chupa au karatasi yake ili daktari ajue ni sumu gani. Usijitapishe. Na ikibidi kufungua, fungua. Mola aliyeifaradhisha saumu ndiye aliyemruhusu mgonjwa afungue na alipe siku nyengine. Hakuna thawabu katika kujiangamiza.

Hayo ni ya siku moja. Yapo pia ya polepole. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliziweka malathion na diazinon, dawa mbili zilizotumika miaka mingi mashambani duniani kote, katika kundi la vitu ambavyo yumkini husababisha saratani kwa binadamu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hukioni kikijaa.

*Lile tone la pili*

Dawa iliyosajiliwa huandikwa siku za kungoja baina ya kupiga na kuvuna. Nyengine siku 3, nyengine 7, nyengine 14 au zaidi. Siku hizo ndizo zinazoipa sumu nafasi ya kupungua nguvu kabla mboga haijafika mdomoni.

Ramadhani inakuja na bei yake. Kila nyumba inataka tungule, bilingani, pilipili boga, mchicha. Mchuuzi yuko barazani na simu mkononi: "Lete leo, kesho bei imeshuka." Aliyepiga dawa Jumatatu anavuna Jumatano. Hakusudii kumuua mtu. Anataka nguo za watoto za Sikukuu, basi.

Hapa ndipo penye suala zito. Tunafundishwa kuwa dhambi baina ya mja na Mola wake husafishwa kwa toba ya kweli. Ama haki ya mja mwenzako, toba yake haikamiliki mpaka umrudishie au umuombe radhi. Ukimuibia jirani kuku, jirani unamjua, utabisha hodi kwake. Je, hapa utabisha hodi kwa nani? Tungule zimeingia Mwanakwerekwe, zimewekwa mafungu, zimekwenda Jang'ombe, Kikwajuni, Fuoni, Shangani. Fungu moja limekatiwa kachumbari ya mama mjamzito. Jengine limepondwa kwa mchuzi wa mzee mwenye figo mbovu. Wewe huwajui. Wao hata hawajui kuwa wamedhulumiwa. Mdaiwa hamjui mdai wake, na mdai hajui kuwa anadai. Deni la namna hii utalilipa vipi?

Mali ya watu ukishindwa kabisa kumjua mwenyewe, wanazuoni wametaja kuitoa sadaka kwa niaba yake. Lakini afya ya mtu utaitoa sadaka vipi? Ndiyo maana katika jambo hili mlango wa toba unaotufaa zaidi ni ule unaopitwa *kabla*: kujizuia. Deni lisilolipika, dawa yake ni kutolikopa.

*"Mbona hakuna aliyekufa?"*

Atasema mtu: Nionyeshe mgonjwa mmoja aliyeugua kwa tungule zangu. Kweli, hatuwezi kumuonyesha. Aliyeugua amekula ya wakulima ishirini.

Lakini tukikumbuke kile kisa mashuhuri cha sokoni. Mtume (s.a.w.) alipita kwa muuza nafaka, akatia mkono ndani ya rundo, vidole vikakuta umaji. Alipouliza, yule bwana akajibu kuwa ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka juu ile iliyorowa ili watu waione, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja nasi.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza, hakuuliza ni nani aliyekwishaumwa na tumbo. Ule uficho wenyewe ulitosha kuwa kosa. La pili, mvua hakuileta yule muuzaji. Kadhalika na sisi, kantangaze hatukumleta. Huyu mdudu wa tungule aliingia Tanzania mwaka 2014 na amewatia hasara wakulima wengi. Mvua si kosa lako na mdudu si kosa lako. Kosa ni kuiweka juu tungule nyekundu inayong'ara na kulificha lile ambalo mnunuzi angelijua asingenunua. Na umaji wa nafaka mkono uliugusa. Sumu hii haina rangi, mkono wa mnunuzi hauipati. Asiyeonekana na yeyote ndiye mwenye kuhitaji taqwa zaidi, na si hiyo ndiyo shabaha ya kufunga? Chumbani peke yako, mtungi wa maji uko mbele yako, hunywi. Basi na shambani peke yako, kalenda iko mbele yako, usivune.

*Dharura je?*

Tuwe waadilifu. Mkulima ana deni la mbegu, deni la mbolea, na shamba lenyewe pengine la kukodi. Kusema "acha, Allah ataleta" ni rahisi kwa mwenye mshahara.

Lakini wanazuoni wa sharia wametuwekea kanuni kwamba dhara haliondoshwi kwa dhara la mfano wake. Kuondoa hasara mfukoni mwangu kwa kuihamishia tumboni mwa mtoto wa mwenzangu si kuiondoa, nimeihamisha tu.

Na wala hatusemi sumu ni haramu kwa jina lake. Kisiwa hiki kinajua faida yake ikitumiwa kwa kipimo. Baina ya 1958 na 1968 nyumba zetu zilipigwa dawa katika kampeni kubwa ya kupambana na malaria, na tangu 2006 zikapigwa tena ndani ya kuta, pamoja na vyandarua na dawa mpya za matibabu. Leo malaria Unguja na Pemba ni kidogo mno kuliko walivyoijua wazee wetu. Waliopiga walivaa, walipima, na watu waliambiwa watoe vyombo na vyakula nje. Kwa hiyo suala ni kipimo, ilimu na kumwambia mtu ukweli.

Kipimo kikikosekana tunajua yanayofuata. Kule Vikuge, Kibaha, shehena ya viuatilifu iliyotolewa msaada mwaka 1986, mengine yakiwa yameshapita muda, iliwekwa vibaya. Hata baada ya kusafishwa, watafiti walikuja kukuta udongo wa pale bado umejaa DDT. Na Unguja yetu ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, maji hupita chini upesi. Tangu enzi za Sayyid Barghash, Mji Mkongwe umekuwa ukinywa maji ya chemchem za upande wa Bububu. Kinachomwagwa shamba, mji haupo mbali nacho.

*Mzigo ni wa nani?*

Gunia likibebwa na watu wanne huwa jepesi. Dhuluma haiko hivyo. Kila mmoja ataulizwa kwa kile alichokijua na alichokiweza.

Muuza dawa anayeimimina kwenye chupa ya soda bila ya karatasi, akamuuzia mkulima "dawa ya wadudu" tu, huyo ameficha kabla ya mkulima kuficha. Na mtoto mwenye kiu akiikuta chupa ile jikoni, jee?

Mwenye shamba anayemtuma kibarua apige dawa bila ya glavu wala viatu, kwa ujira wa siku, asidhani kulipa ujira kabla jasho halijakauka kunamtosha. Jasho lile limechanganyika na nini?

Na sisi wa mjini tusikae pembeni. Ni sisi tunaozigeuza tungule sokoni, tukiona doa tunarusha. Tunataka mchicha usio na tundu hata moja, kisha tunashangaa kwa nini mdudu haukuugusa. Tunauliza nyama imechinjwa na nani, na hilo ni wajibu. Lakini tumeamrishwa tule kilicho halali *na* kizuri. Nusu ya kwanza tunaisimamia vyema, ya pili tumeiacha kwa mchuuzi.

*Kazi yetu kabla ya Iddi*

1. Mkulima: andika tarehe uliyopiga, hesabu siku za kungoja, usivune kabla. Soma rangi ya kibandiko. Nyekundu ndiyo kali kuliko zote, kisha njano, kisha buluu, kisha kijani. Piga asubuhi mapema, upepo umetulia, umevaa. Ukiweza, panga siku za kupiga zisigongane na joto la saumu.

2. Kabla ya kupiga, angalia shamba. Miaka ya 1990 wakulima wa Unguja na Pemba walifundishwa katika madarasa ya shambani kutambua mdudu adui na mdudu rafiki, na kupiga pale tu inapohitajika. Wazee waliosoma wakati ule wangalipo. Waulizeni, na mtafuteni bwanashamba wa shehia yenu.

3. Mwenye duka: usiuze bila ya karatasi, usimimine kwenye chupa ya kinywaji. Chupa tupu itobolewe, isirudi nyumbani kutekewa maji.

4. Mnunuzi: muulize mchuuzi wako, "Zimepigwa dawa lini?" Watu mia wakiuliza, mchuuzi naye ataanza kumuuliza mkulima. Ikubali tungule yenye doa, na umlipe bei ya haki aliyengoja siku zake. Osha mboga kwa maji mengi. Kuosha kunapunguza ya juu tu, iliyopenya ndani haitoki, kwa hiyo kusitufanye tukaacha kuuliza.

Leo jioni, ukinyoosha mkono kwenye futari, mkumbuke aliyeilima. Muombee afya yake, naye akuombee yako. Nyinyi wawili hamjuani, na mmewekeana amana.

Ewe Mola wetu, tujaalie riziki iliyo halali na iliyo njema. Wahifadhi wakulima wetu na wanaokula jasho lao. Usitukutanishe Siku ya Hesabu na wadai ambao hatukuwajua. Zikubali saumu zetu na zao. Amin.

_Mfikishie ndugu yako wa shamba, na mfikishie anayekwenda sokoni leo._