Kura na Mkate wa Kila Siku

Uchaguzi wa haki una faida gani kama hauleti chakula mezani? Washarika wengi huuliza hivyo, na mtu mwenye njaa ana haki ya kuuliza.

Tuwatazame jirani zetu wa Malawi. Mei 2019 walipiga kura, na Rais Peter Mutharika akatangazwa mshindi. Baadaye ikaonekana kuwa fomu nyingi za matokeo zilikuwa zimefutwa kwa tipeksi. Wananchi waliandamana miezi mingi, na tarehe 3 Februari 2020 majaji watano wa Mahakama ya Katiba wakabatilisha matokeo hayo. Uchaguzi uliporudiwa mwezi Juni, akashinda Lazarus Chakwera, mchungaji aliyewahi kuliongoza kanisa la Assemblies of God nchini humo.

Wengi walidhani neema imefika. Badala yake dola ziliadimika, kimbunga Freddy kikaangusha nyumba na mashamba mwaka 2023, na Novemba mwaka huo dola moja ikapanda kutoka takriban kwacha 1,180 hadi 1,700. Mbolea na mafuta vinatoka nje, basi maumivu yakamfikia hata mkulima wa jembe la mkono. Septemba 2025 wananchi wakamrudisha Mutharika yule yule.

Je, majaji wale walifanya kazi bure? Nasema hapana. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, anaihesabu serikali njema kuwa sehemu ya mkate wa kila siku, pamoja na chakula na mavazi. Ni sehemu tu, wala si mkate wote. Mvua, bei ya tumbaku sokoni na busara ya wanaoshika hazina navyo vina nafasi yake.

Kura ni kama mizani ya dukani. Mizani ya kweli haikupi mchele usioununua, lakini mizani ya uongo hukuibia hata ule ulioulipia. Kwa hiyo anayebadili namba kwenye fomu anavunja Amri ya Saba, hata kama anamsaidia mgombea wa dini yetu.

Na kwa kuwa mizani ilinyooshwa mwaka 2020, mwaka 2025 iliweza kumpima mchungaji mwenyewe. Uchungaji wake haukumkinga, na haikupasa umkinge, kwa maana Mungu huitunza dunia hii kwa sheria na akili, si kwa vyeo vya kanisani. Chakwera alikubali kushindwa, akaondoka ofisini. Maskini aliyeumizwa na bei alimwondoa mtawala kwa karatasi, bila panga.

Wapendwa, kuililia haki mtu wetu anapoonewa ni rahisi. Imani yetu inapimwa pale tunapokuwa mawakala au makarani kituoni, fomu iko mbele yetu, na namba ya kweli inamwangusha yule tuliyemwombea.