Uhuru wa Mwenye Kutoa

Ndugu msomaji, miongoni mwa maswali yaletwayo na wale wanaoichunguza dini, liko moja ambalo mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba mwulizaji aona haya. Husema: Dini yanitaka nitoe mali yangu, niwatangulize wengine, niishinde nafsi yangu. Nikiyafanya hayo yote, mimi mwenyewe nitabaki na nini? Na huo uhuru unaosifiwa na kila kijana wa zama hizi, je, si ndio huu wa mtu kufanya apendavyo kwa manufaa yake mwenyewe?

Swali hili ni la haki. Hapana faida ya kumjibu mwulizaji kwamba ameamrishwa, basi na atii; kwani anayetoa kwa kuburutwa, mkono wake hufunguka na moyo wake hubaki umefumba.

Kwanza yatupasa tulitazame neno lenyewe, uhuru, pamoja na kinyume chake. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna ruhusa ya kulichezea neno utumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hilo si jambo la kale sana kwa umri wa mataifa. Mtumwa ni mtu ambaye mwingine humwamuru aende wapi, ale nini, alale saa ngapi. Sasa mchukue mtu aliyeamua kuishi kwa ajili ya manufaa yake peke yake. Nani amwamuruye? Wasema, hakuna, yu huru kabisa. Lakini mtazame vizuri. Duka la jirani likipata wateja wengi kuliko lake, chakula hakimpiti kooni. Mgeni akibisha hodi wakati wa kula, moyo humwenda mbio. Ndugu yake akisifiwa barazani, usiku hapati usingizi. Katika hayo yote hakuna hata moja alilolichagua. Ameamriwa, naye ametii. Na bwana anayemwamuru hampi saa ya kupumzika, maana nafsi ikipata shamba moja yataka la pili, na ikipata la pili yaona la jirani ndilo lenye rutuba.

Sisemi kwamba nafsi ni adui wa kuuawa. Wako waliodhani hivyo, wakajitesa kwa njaa na upweke. Mtume Mtukufu s.a.w. hakuwaunga mkono, sahaba aliyetaka kufunga kila siku na kusali usiku kucha alielezwa kuwa mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mke wake pia ana haki. Nafsi ni kama punda wa mizigo. Lazima ale na anywe. Shida huanza pale mwenye punda anapobebeshwa mzigo, na punda akaketi juu yake.

Tazama basi jinsi mambo hayo yalivyopinduka katika mji wa Makka. Bilal r.a. alikuwa mtumwa kwa maana iliyo kamili, mali ya Umayya bin Khalaf. Alilazwa juu ya mchanga wa moto na jiwe kubwa likawekwa kifuani pake, naye hakukubali kumkana Mungu Mmoja. Bwana wake alikuwa na fedha, ukoo na mjeledi, lakini hakuweza kustahimili neno moja la mtu aliyelala chini ya jiwe. Ni nani kati yao aliyekuwa amefungwa? Hata hivyo tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Bilal alihitaji kukombolewa kwelikweli, na Abubakar r.a. alitoa mali yake akamnunua na kumwacha huru, kama alivyowakomboa wengine waliokuwa dhaifu. Baba yake, mzee Abu Kuhafa, alimshauri kwa hekima ya kidunia: kama ni lazima ukomboe watumwa, basi uwakomboe wanaume wenye nguvu watakaoweza kukulinda siku ya shida. Shauri hilo ni la mtu mwenye akili, na wafanyabiashara wengi wangelipokea. Abubakar alimjibu kwamba yeye ataka radhi ya Mungu tu.

Lakini mfano nipendao zaidi, na ambao sioni ukitajwa vya kutosha, ni ule wa Saad bin Rabii r.a. wa Madina.

Mnamo mwaka 622 Waislamu wa Makka walihamia Madina, wengi wao wakiwa mikono mitupu, nyumba na bidhaa zao zikiwa zimebaki nyuma mikononi mwa adui. Mtume s.a.w. aliwaunganisha wawili wawili kwa udugu, mhamiaji mmoja na mwenyeji mmoja. Abdurrahman bin Auf, mfanyabiashara hodari aliyepoteza kila kitu, aliunganishwa na Saad. Saad alikuwa miongoni mwa matajiri wa Madina. Akamwambia ndugu yake mpya kwamba mali yote igawanywe sawasawa, nusu kwa nusu. Alikuwa na wake wawili, na hata katika jambo la ndoa alikuwa tayari kumpisha. (Sehemu hii humtatiza msomaji wa leo. Akumbuke kwamba mwanamke haozwi katika Uislamu bila ridhaa yake, na tena kwamba Abdurrahman hakulitaka jambo hilo hata kidogo.)

Abdurrahman alifanya nini? Alimwombea Saad baraka katika jamaa yake na mali yake, kisha akauliza njia ya kwenda sokoni. Akaanza kwa kuuza jibini kavu na samli. Haukupita muda mrefu akarudi kwa Mtume s.a.w. akinukia manukato ya harusi. Alikuwa amemwoa mwanamke wa Madina, na mahari aliyotoa ilikuwa dhahabu yenye uzito wa kokwa ya tende. Baadaye alikuwa tajiri mkubwa, akatoa mali nyingi katika njia ya Mungu.

Watu husoma kisa hiki wakamsifu Saad kwa ukarimu, na Abdurrahman kwa kupenda kazi, wakapita. Mimi naona humo watu wawili walio huru wamesimama uso kwa uso. Mmoja ana mali, na mali hiyo haimshiki. Mwingine hana, na ufukara haumshiki vilevile. Hautoi mkono wake upesi kudaka nusu ya utajiri ambayo ingekuwa yake kwa kutamka neno moja tu. Kila mmoja amemtazama mwenziwe kabla ya kujitazama. Saad hakusema: nikigawa nusu nitapungukiwa. Abdurrahman hakusema: nimeteseka, hii ni haki yangu. Laiti mmoja wao angekuwa mtumwa wa nafsi, udugu ule ungeharibika siku ya kwanza, ama kwa uchoyo wa mwenyeji ama kwa tamaa ya mgeni. Sote twajua jinsi misaada inavyowaharibu wapaji na wapokeaji pale uhuru huo unapokosekana: mpaji akawa bwana, mpokeaji akawa mlalamishi.

Kurani Tukufu, katika sura ya Al-Hashr, yawasifu wenyeji hao wa Madina kwa kuwa waliwatanguliza wageni wao kuliko nafsi zao hata walipokuwa wenyewe na shida. Sifa hiyo Waarabu huiita ithari. Na palepale aya yaendelea kueleza kwamba wale waliokingwa na uchoyo wa nafsi zao ndio wenye kufaulu. Angalia vizuri, msomaji: uchoyo watajwa kama hatari ambayo mtu huepushwa nayo, kama vile mtu aepushwavyo na maradhi au na mfalme dhalimu. Mwenye kutoa ndiye aliyeokoka.

Hapo ndipo wenye falsafa wanapotupinga, na katika darasa ninalosomesha huku ugenini haupiti mwaka bila mwanafunzi mmoja kuzusha hoja yao. Husema: Mwalimu, ikiwa mtu hupata uhuru na furaha kwa kutoa, basi naye ametafuta faida yake. Mbahili ajipendeza kwa kuweka, mkarimu ajipendeza kwa kutoa. Tofauti iko wapi?

Hoja hii ni kongwe. Thomas Hobbes, mwanafalsafa wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1588 na 1679, husimuliwa kuwa alimpa sadaka mzee mmoja mwombaji katika mji wa London. Kasisi aliyekuwapo akamwuliza kama angetoa lau asingekuwa ameamrishwa na dini. Akajibu kwamba angetoa, kwa sababu aliumia kuiona hali ya mzee yule, na sadaka ile ilipompa mzee nafuu, ilimpa na yeye nafuu. Yaani, kwa wenye kulisimulia jambo hili, alijitibu maumivu yake tu.

Jibu zuri lilitolewa na mtu wa nchi hiyo hiyo, Joseph Butler, katika hotuba zake zilizochapishwa mwaka 1726. Muhtasari wake, kwa maneno yangu, ni huu. Raha ya kula haipatikani kwa asiye na njaa. Kwanza pawe na njaa ya chakula, ndipo chakula kilete raha. Basi raha haiwezi kuwa ndiyo iliyoizaa njaa. Vivyo hivyo, kwa nini Hobbes aliumia kumwona mzee? Wapita njia wangapi siku ile hawakuumia? Aliumia kwa kuwa tayari alikuwa na huruma na mzee yule. Mtu asiyemjali mwenziwe hapati maumivu kwa shida yake wala raha kwa nafuu yake. Mfikirie mama aliyekesha na mtoto mwenye homa. Alfajiri homa yashuka, naye ajawa na furaha isiyo na kifani. Nani atathubutu kusema kwamba alikesha ili aipate furaha ile? Alikesha kwa ajili ya mtoto. Furaha imekuja kama kivuli kimfuatavyo mtu. Ukikigeukia na kukikimbilia, chakukimbia.

Ndiyo maana anayetoa huku akijipima, je, nimefurahi sasa, hafurahi. Bado yuko sokoni, amebadilisha bidhaa tu.

Wataalamu wa siku hizi wamejaribu kulipima jambo hili kwa njia yao. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Vancouver, katika nchi ya Kanada. Watu 46 walipewa asubuhi bahasha yenye dola 5 au dola 20. Baadhi wakaambiwa wazitumie kwa mahitaji yao, na wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine, kabla ya saa kumi na moja jioni. Walioulizwa jioni baada ya kumtumilia mwingine walionekana kuwa na furaha zaidi, na kiasi cha fedha hakikuleta tofauti. Watu 46 ni wachache, na mimi si mtu wa kuzipima roho kwa bahasha. Lakini limo jambo moja la kuzingatiwa: watu wengine walipotakiwa kubashiri, wengi walidhani kwamba fedha za kujitumilia mwenyewe ndizo zitakazoleta furaha kubwa. Nafsi haikosei mara moja moja tu. Hutoa ushahidi wa uongo kwa kauli moja, na sisi huupokea.

Sasa nataka nitoe onyo, kwa kuwa mafundisho haya yametumiwa vibaya. Kuitanguliza haki ya mwenzio ni kitendo cha hiari. Hakuna awezaye kukutolea wewe nafsi yako. Tajiri anayemhubiria mfanyakazi wake ajitolee huku akimzuilia mshahara, hakufundisha ithari; ameiba. Mume anayekula peke yake na kumsifu mkewe kwa uvumilivu hana fungu katika aya tuliyoitaja. Neno la kujinyima linapotoka kinywani mwa mwenye nguvu likielekezwa kwa mnyonge, yatupasa tulitilie shaka. Na hili halihitaji tuende mbali, maana liliipata nyumba ya Saad mwenyewe.

Mwaka 625, katika vita vya Uhud, Saad alijeruhiwa vibaya. Mtume s.a.w. alimtuma mtu amtafute miongoni mwa waliouawa, akamkuta katika pumzi zake za mwisho. Salamu alizotuma zilikuwa za Mtume, na wasia kwa watu wake kwamba hawatakuwa na udhuru mbele ya Mungu iwapo Mtume atadhurika nao wangali hai. Kisha akafariki. Aliacha mjane na mabinti wawili. Ndugu yake Saad akaja, akaichukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi ya zamani. Nyumba iliyotaka kugawa nusu ya mali kwa mgeni ikabaki haina cha kuwaozea mabinti.

Mama yao hakuambiwa asubiri na kujitoa kama mumewe alivyojitoa. Aliwachukua wanawe akaenda kushtaki kwa Mtume s.a.w., naye akamwambia kuwa Mungu atalihukumu. Ikateremka aya ya urithi. Yule ami akaitwa, akaamriwa awape mabinti theluthi mbili, na mama yao thumni. Kitakachosalia ndicho chake.

Wasimulizi wa sira waeleza kwamba baadaye mtu mmoja aliingia kwa Abubakar r.a. akamkuta amempakata mtoto wa kike, akimbusu. Akauliza mtoto huyu ni nani. Abubakar, aliyemkomboa Bilal na kuimaliza mali yake kwa ajili ya wanyonge, akamjibu kuwa huyo ni binti wa mtu aliyekuwa bora kuliko yeye: binti wa Saad bin Rabii.