Wino wa Mwana Kupona, Maziwa ya Isiolo

Isiolo haikupata kuwa na malkia. Mji wenyewe ni wa juzi tu: askari wa Kisomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makazi hapo, na Waborana, Waturkana, Wasamburu na Wameru wote wana sehemu yao. Mtu mkubwa alijulikana kwa mifugo yake, na mifugo, kwa desturi, ilikuwa mali ya mwanamume. Kisha ikaja miaka ya vita vya Shifta, kati ya serikali na waasi waliotaka kujiunga na Somalia, kuanzia 1963 hadi 1967. Mifugo mingi ya Waborana iliuawa, watu wakakusanywa kambini Garba Tulla na Merti. Waliolala matajiri waliamka wakingoja chakula cha msaada. Basi anayeuliza mwanamke mwenye cheo ameifanyia nini elimu ya wasichana wa huku, hana budi kuuliza kwanza cheo ni kitu gani, ikiwa kinaweza kumalizwa kwa risasi.

Pwani tunaye wa kumtazama. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mnamo 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha, na katika utendi huo anamtaka mtoto aje karibu yake na wino na karatasi. Mama anakaribia kufa, na anachotaka kiwe mkononi mwa binti ni kalamu. Sijui zawadi iliyo kubwa kuliko hiyo. Hata hivyo wino ule ulikuwa wa nyumba ile. Utendi unawataja watumwa pia, lakini kwa kumwonya binti asizoeane nao nje ya kazi. Kijakazi aliyewachotea maji hakuitwa aje na karatasi. Elimu ilishuka kutoka kwa mama hadi kwa mwana, ikaishia uani.

Ukitoka Isiolo kwenda kaskazini na kuvuka Ewaso Ng'iro, unaingia Archer's Post, upande wa Samburu. Hapo, mwaka 1990, Rebecca Lolosoli na wenzake wapatao 15 walianzisha kijiji cha Umoja. Baadhi yao walisema walibakwa na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa wakifanya mazoezi eneo hilo, kisha wakafukuzwa na waume zao. Kwa desturi hawakuwa na mifugo, na sasa hawakuwa na mume, maana yake hawakuwa na sauti. Wakatunga shanga, wakawauzia watalii, na kwa mapato hayo wakajenga shule. Watoto wa vijiji jirani nao wanasoma hapo, hata wa jamaa waliowacheka. Kwangu mimi hicho ndicho cheo, kama cheo kina maana yoyote: mtoto asiye wako kuingia darasani kwa jasho lako.

Na mjini Isiolo kwenyewe kuna akina mama wa maziwa ya ngamia, wale wa ushirika wa Anolei. Maziwa yanatoka malishoni kwenye madumu, mama anafungua kifuniko, ananusa, anaonja, na lililochacha analitenga. Yaliyo salama yanapakiwa kwenye basi la Nairobi, kuelekea Eastleigh. Maziwa yanauzwa, karo inalipwa. Ngamia huenda ni wa mume au wa kaka, lakini fedha za maziwa zinapita mkononi mwa mama, na hapo ndipo uamuzi wa nani asome unapohamia kwake. Tangu 2003 shule ya msingi ya umma haina karo. Bweni la sekondari ni habari nyingine, hasa mwaka wa ukame.

Jambo linalonigusa zaidi ni kwamba kusomesha ni kutoa kitu ambacho hutakitawala tena. Ng'ombe uliyempa mtu waweza kumdai. Mwana Kupona alimfundisha bintiye kumtii mume, na wanawake wa baada yake wameusoma utendi uleule wakabishana nao, naye hakuwapo kuwazuia. Mama wa maziwa naye anajua kuwa binti akimaliza Kidato cha Nne huenda akaolewa mbali, huenda akakataa kuolewa, huenda akamwambia mama yake usoni kwamba mila fulani ni ya kuachwa. Analijua hilo kabla ya kulipa, na muhula ukifunguliwa analipa.