Miaka Sita ya Kuazima

Nilikuwa na miaka 16, kaka yangu 22. Sura zetu zinafanana. Nilichukua karata yake ya mkimbizi bila kumwambia, nikaenda Bandari ya Bujumbura kubeba saruji iliyotoka Mpulungu. Jioni, kabare ya jirani, karata ileile ikaninunulia Primus.

Kukazuka ugomvi, polisi wakaja. Mmoja akasoma karata, akasema: “Wewe mtu mzima. Panda gari.”

Sheria ya Burundi inamshitaki mtu kuanzia miaka 15, lakini aliye chini ya 18 anapunguziwa adhabu. Mimi punguzo langu nilikuwa nimeliuza kwa chupa moja. Miaka sita niliyoazima ili ninywe, ndiyo iliyokuwa inanipeleka kulala na wanaume wazima. Nikitaka kurudishiwa utoto wangu, lazima nikiri kwamba jina si langu, na kaka aulizwe kwa nini karata yake inatembea na mtu mwingine. Nyinyi mnaotuandikisha mnajua: hiyo karata ndiyo mgao wetu, ndiyo njia yetu ya kupita.

Nilikiri. Kaka aliitwa, akahojiwa siku nzima.

Wazee hapa kambini walinisifu eti nimesema kweli. Kweli gani hiyo? Asubuhi nilipoichukua karata sikuwa nayo. Niliipata nilipoogopa, na gharama yake akalipa mwingine.

Mpaka leo, tukiwa kwenye mstari wa mgao na jina la kaka likaitwa, anageuka kwanza kunitazama.